Kompyuta Iliyosahau Tarehe: Somo la Mipangilio ya Baiosi

Somo la safari hii nalianza kwa kukiri kosa langu mwenyewe, kwa maana bila kosa hilo nisingeketi kujifunza haya nitakayoyaeleza.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa chuo cha ualimu, na kama wengi wenu mjuavyo, nimekabidhiwa kazi ya kutunza hesabu za kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Hesabu hizo naziandika katika kompyuta ya mezani iliyotengenezwa mwaka 2008, niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika. Ni mashine nzito, na feni yake inavuma kama mashine ya kusaga, lakini jedwali la hesabu inalimudu. Kila mtu akopapo mimi huandika jina na kiasi. Tarehe nilikuwa nabonyeza tu, kompyuta ikaijaza yenyewe. Niliona huo ni ujuzi mkubwa.

Mwezi wa Mei mwaka 2023 umeme ulikuwa ukikatika mara kwa mara. Kila umeme uliporudi na mimi kuwasha mashine, yalitokea maandishi meupe katika skrini nyeusi, na chini yake agizo la kubonyeza F1 ili kuendelea. Nikabonyeza F1 kama mtu afukuzaye nzi. Sikuyasoma maandishi yale hata siku moja, mimi niliyewaambia wanachuo wangu kwa miaka mingi kwamba swali husomwa mara mbili kabla ya kujibiwa.

Wiki ile ile mama mmoja mjane, mwuza maandazi, alikopa shilingi 150,000 za kulipwa katika miezi mitatu. Niliandika mkopo wake kama kawaida. Mwezi wa Agosti, siku moja kabla ya mkutano, mjukuu wangu aliona saa ya kompyuta imekosea, akairekebisha. Nikachapa orodha, nikampa katibu, naye akaisoma kwa sauti mbele ya watu: mama huyo alikopa tarehe 3 Januari 2008, amechelewa miezi 184, na kwa faini ya shilingi 2,000 kwa mwezi anadaiwa faini ya shilingi 368,000.

Watu wengi walicheka, kwa kuwa mwaka 2008 kikundi chenyewe kilikuwa hakijaanzishwa. Yeye hakucheka. Aliondoka kabla ya chai. Asubuhi yake alikuja kwangu na shilingi 40,000 zilizofungwa katika pindo la khanga, alizokopa kwa jirani. "Mwalimu," alisema, "naomba upokee hizi kwanza. Zilizobaki nitaleta kidogo kidogo." Alijua siku aliyokopa, na alijua kwamba hata siku ya kulipa ilikuwa haijafika, lakini karatasi ilitoka katika kompyuta, na mwalimu ndiye aliyeichapa. Nilimrudishia fedha zake papo hapo nikamwomba radhi, na mkutano uliofuata nikaomba radhi mbele ya wote. Kisha nikaigeukia mashine, nijue imenidanganya kwa njia gani.

Baiosi ni kitu gani?

Kompyuta iwashwapo haijui kitu. Haijui kama ina diski, haijui kama kuna kibodi, wala haijui Windows imewekwa wapi. Ndani yake, katika bodi kuu, mna chipu yenye programu ndogo iliyoandikwa kiwandani, na hiyo ndiyo ya kwanza kuamka. Hukagua memori, kibodi, picha na diski, kama mwalimu wa zamu aitavyo majina asubuhi. Ndipo hutafuta diski yenye mfumo wa kuendeshea kompyuta, ikaukabidhi kazi. Programu hiyo kwa herufi za Kiingereza ni BIOS, nasi tutaiandika baiosi kama itamkwavyo. Jina hilo lilianza kutumiwa na Gary Kildall, Mmarekani aliyetunga mfumo wa CP/M katika miaka ya 1970. Naye alikuwa mwalimu, akifundisha katika chuo cha jeshi la majini huko Monterey, California. Nalitaja hilo kwa furaha tu.

Sasa hapa msomaji asichanganye vitu viwili. Baiosi yenyewe imeandikwa katika chipu isiyohitaji umeme ili kuhifadhi maandishi yake. Ni kama mwongozo wa mwalimu uliopigwa chapa kitabuni. Lakini yako mambo yanayobadilika kutoka mashine moja hadi nyingine: leo ni tarehe gani, ni saa ngapi, kuna diski zipi, ianze kusoma diski ipi. Hayo kwa desturi ya mashine hizi yameandikwa katika memori nyingine ndogo sana, iitwayo simosi, na memori hiyo ni kama ubao wa chaki. Umeme ukiondoka kabisa, ubao unafutika. Kinachouzuia usifutike ni betri moja ya duara, kama ya saa ya mkono, iliyopachikwa katika bodi kuu.

Mpango huu una umri wake. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, ambayo nyingine zote za namna hii zimefuata nyayo zake, haikuwa na ubao wa chaki. Fundi alifungua kasha na kusogeza swichi ndogo ndogo ili kuieleza mashine ina memori kiasi gani na skrini ya aina gani. Ilikuwa mwaka 1984, katika mashine yao iliyoitwa AT, walipoweka chipu ya Motorola yenye saa na memori pamoja, ikilindwa na betri. Memori yake ilikuwa baiti 64 tu, 14 za kazi ya saa na 50 za mipangilio. Sentensi hii unayoisoma ina herufi nyingi kuliko zile zilizoweza kuingia humo. Mashine za baadaye ziliongeza nafasi, lakini mpango ulibaki ule ule, hata katika mashine yangu.

Basi betri yangu ilikuwa imekufa. Kila umeme ulipokatika ubao ulifutika, saa ikaanza upya tarehe 1 Januari 2008, mwaka uliowekwa kiwandani. Na kwa nini mama yule akaandikwa tarehe 3 na si tarehe 1? Hili lilinisumbua siku nzima, na jibu lake linafaa kujulikana. Kompyuta ya mezani iliyozimwa lakini plagi yake ikabaki ukutani na swichi imewashwa, bado inapokea umeme kidogo katika bodi yake, na umeme huo unaiendesha saa bila msaada wa betri. Ndiyo maana ugonjwa huu hujificha. Saa inakwenda vizuri siku mbili, siku tatu, hata wiki. Halafu umeme unakatika, au mtu mwangalifu anazima swichi ya ukutani, na mashine inarudi nyuma miaka kumi na mitano.

Kubadili betri

Betri katika mashine nyingi za mezani huitwa CR2032. Namba hiyo ni vipimo vyake: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Nguvu yake ni volti 3. Yangu niliinunua kwa fundi saa kwa shilingi 2,000. Ukiwa na kipimo cha umeme, betri mpya husoma volti 3 na zaidi kidogo. Ile yangu ilisoma volti 1 na nusu.

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme kabisa, kisha fungua ubavu wa kasha, lile ambalo wengi wetu huliita sipiyu. Gusa bati la kasha kwa mkono kabla ya kugusa kitu cha ndani, ili umeme wa mwilini utoke. Betri imeshikwa na kijiklipu. Kisukume pembeni kwa ukucha au kwa bisibisi ndogo, itaruka yenyewe. Weka mpya, upande wenye alama ya kujumlisha na maandishi ukitazama juu.

Hapa nasimama kidogo kwa ajili ya wenye watoto na wajukuu. Betri hizi zinang'aa kama peremende, na mtoto mdogo akiimeza inaweza kukwama kooni na kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa mbili tu. Ile iliyotolewa usiiache mezani. Ifunge kwa gundi ya karatasi pande zote mbili, uiweke mahali pasipofikika. Na ikitokea mtoto amemeza, ni hospitali mara moja, si kusubiri aione chooni.

Kuingia katika mipangilio

Betri mpya haijui tarehe. Hatuna budi kuingia katika ukurasa wa mipangilio ya baiosi tukaiandike. Sekunde chache za kwanza baada ya kuwasha, chini ya skrini hutokea maneno kama "Press DEL to enter SETUP", yaani bonyeza kitufe cha DEL uingie. Katika mashine nyingine ni F2, nyingine F10, nyingine F1. Maneno hayo hupita upesi, kwa hiyo usingoje kuyaona. Washa, na hapo hapo anza kugongagonga kitufe hicho mpaka ukurasa ufunguke. Ukichelewa ukaiona Windows inaanza, iache imalize, izime kwa utaratibu, uanze tena.

Kama unagonga na hakuna kitokeacho, tazama waya wa kibodi. Mashine za zamani nyingine hazitambui kibodi ya USB mpaka Windows iamke. Tafuta kibodi ya zamani yenye plagi ya duara, uichomeke mashine ikiwa imezimwa.

Ukurasa ukifunguka utauona mara nyingi wa buluu wenye maandishi meupe au ya njano, au wa kijivu. Mausi haifanyi kazi humo. Unakwenda kwa vitufe vya mishale, unaingia kwa Enter, unatoka kwa Esc, na kubadili thamani ya kitu ni kwa Page Up na Page Down, au kwa vitufe vya kujumlisha na kutoa. Msaada huandikwa pembeni au chini. Watungaji wa baiosi hizi ni wachache, kama vile Award, Phoenix na American Megatrends, kwa hiyo ukiijua moja, nyingine hazitakuwa ngeni kwako.

Kabla ya kubadili hata herufi moja, chukua kalamu na karatasi unakili kila ukurasa kama ulivyo. Siku hizi waweza kupiga picha kwa simu, nami sikukatazi, ila mwenye kunakili kwa mkono husoma, na mwenye kupiga picha hasomi. Na ukibadili, badili kitu kimoja tu, hifadhi, washa upya, utazame matokeo. Ndipo uende kwenye kitu cha pili.

Kanuni hizi mbili nimezipata kwa gharama. Siku nilipoingia humo mara ya kwanza, baada ya kuweka tarehe, niliona raha. Nikaanza kutembea katika kurasa nyingine. Nilikuta mahali palipohusu namna ya kuzungumza na diski, pameandikwa IDE, na chaguo jingine likiwa AHCI. Nilikuwa nimesikia AHCI ni ya kisasa na ina mwendo zaidi. Nikaichagua. Nikabadili na vitu vingine viwili ambavyo hata sasa sivikumbuki, nikahifadhi, nikatoka. Windows ilianza, ikaonyesha alama yake, kisha kwa ghafla ukatokea ukurasa wa buluu wenye namba 0x0000007B, na mashine ikajizima na kujiwasha, ikajizima na kujiwasha.

Niliipeleka kwa fundi. Aliiwasha mara moja, akatikisa kichwa, akasema diski imekufa. Diski mpya ni shilingi 120,000, na vilivyomo ndani nihesabu vimepotea. Wapenzi wasomaji, ndani ya diski ile mlikuwa na mikopo ya watu 31 kwa miezi saba, na nakala nyingine sikuwa nayo. Nilirudi nyumbani nimebeba kasha mapajani katika daladala, nikifikiri nitawaambia nini.

Usiku nilimpigia simu mwanafunzi wangu wa zamani, sasa mwalimu wa sekondari. Hakuuliza habari za diski. Aliuliza, "Mwalimu, samahani, kabla ya ukurasa wa buluu ulibadili nini?" Nikaona haya kumjibu kwamba nilibadili vitu vitatu na sikuviandika. Alinieleza kwamba Windows 7 iliyowekwa mashine ikiwa katika IDE haikuandaa programu ya kuisomea diski kwa njia ya AHCI. Ukiibadilishia njia ghafla, inaanza kuamka, inatafuta diski yake, haiioni, inaanguka kwa namba ile ile. Diski ni nzima, ni lango tu limehamishwa. Niliingia tena, nikarudisha IDE, nikahifadhi kwa F10. Windows ikafunguka. Niliketi pale pale nikanakili hesabu zote katika flashi mbili kabla ya kulala, na saa ilikuwa saa nane za usiku.

Mambo ya kuangalia

Kwanza tarehe. Katika mashine nyingi iko ukurasa wa kwanza, ulioandikwa "Standard CMOS Features" au "Main". Angalia mpangilio wake: kwa desturi ya Kimarekani mwezi hutangulia, kisha siku, kisha mwaka. Ukiandika 05 kisha 08 ukidhani ni tarehe 5 Agosti, umeweka tarehe 8 Mei, na hakuna mlio utakaokuonya. Saa nayo ni ya Kizungu ya hesabu ya 24: saa tisa alasiri ni 15.

Tarehe mbovu haiharibu hesabu tu. Wenye kuunganisha kompyuta na intaneti wataona kurasa za benki au za barua zinakataa kufunguka, zikidai si salama. Sababu ni kwamba kila ukurasa wa namna hiyo hubeba hati ya utambulisho yenye siku ya kuanza na siku ya kwisha. Mashine inayodhani ni mwaka 2008 inaiona hati ya leo kama cheti ambacho bado hakijaanza kutumika, inakikataa. Watu wamefuta na kuweka upya programu nzima kwa ugonjwa wa betri ya shilingi 2,000.

Katika ukurasa huo huo kuna "Drive A", yaani nafasi ya disketi. Mipangilio ya kiwandani ya mashine za wakati ule mara nyingi hudai kwamba disketi ipo, hata kama kasha halina tundu lake. Basi kila ukiwasha, baiosi inaitafuta, haiioni, inasimama na kukuamuru ubonyeze F1. Hata baada ya kuweka betri mpya mashine yangu iliendelea kunidai F1, na hii ndiyo ilikuwa sababu. Weka "None", yaani hakuna, na dai hilo litakwisha.

Wako wanaotatua hilo kwa njia ya mkato. Kuna chaguo liitwalo "Halt On", linalosema ni kosa gani liisimamishe mashine, nao huweka "No Errors", isisimame kwa kosa lolote. Mimi sikubaliani nao. Mashine inayopita makosa kimya kimya ni kama mimi na kitufe changu cha F1. Ondoa kosa, usiondoe onyo. Ila mashine inayofanya kazi peke yake bila kibodi, hiyo chaguo la "All, But Keyboard" linaifaa: isimame kwa makosa yote isipokuwa kukosa kibodi.

Pili, foleni ya kuwashia. Baiosi hutafuta mfumo wa kuendeshea katika vifaa kwa zamu: labda CD kwanza, kisha flashi, kisha diski kuu. Mashine iliyopangwa kuanza na flashi, na flashi yenye picha za harusi ikasahauliwa imechomekwa, inaweza kusimama na maneno "Disk boot failure", yaani imeshindwa kuwaka kutoka katika diski. Mwenye mashine hudhani diski imekufa. Chomoa flashi, washa upya. Kwa matumizi ya kila siku weka diski kuu iwe ya kwanza. Siku ya kuweka mfumo mpya ndipo uipe CD au flashi zamu ya kwanza, na ukimaliza uirudishe.

Tatu ni jambo ambalo vitabu vya wenzetu hulipita kwa mstari mmoja, lakini kwetu ni kubwa: mashine ifanye nini umeme ukatikao uliporudi. Liko katika ukurasa wa mambo ya umeme, na machaguo yake kwa kawaida ni matatu: ibaki imezimwa, ijiwashe, au irudi katika hali iliyokuwa nayo. Chagua ibaki imezimwa. Umeme urudipo aghalabu haurudi kwa utulivu. Huja, hukatika, huja tena kwa nguvu, na mashine iliyojiwasha katika dakika hizo hupigwa mara tatu ikiwa inasoma diski. Acha itulie, uiwashe kwa mkono wako taa zikishatulia.

Neno la siri la baiosi sipendi sana. Liko la aina mbili, la msimamizi na la mtumiaji. Katika ofisi yenye watu wengi laweza kufaa, lakini haliilindi siri ya diski, maana mwizi aweza kuitoa diski akaisome katika mashine nyingine. Na likisahauliwa ni usumbufu. Nimewahi kuona mashine nzima imewekwa stoo miaka miwili kwa sababu aliyeweka neno la siri alihamishwa kituo. Dawa yake katika mashine nyingi za mezani ni rahisi: chomoa waya wa umeme, toa betri kwa dakika kadhaa, ubao wa chaki ufutike na neno la siri pamoja nao. Bodi nyingine zina vipini vitatu karibu na betri, na kijampa cha kuhamisha kutoka vipini viwili hadi vingine kwa sekunde chache, kisha kukirudisha. Fanya hivyo umeme ukiwa umechomolewa, na kwa mashine ambayo ni yako.

Yapo yasiyotuhusu. Volti za chipu kuu, mwendo wake, na hesabu za mwendo wa memori, hayo yaachwe kama yalivyo. Anayeyagusa kwa kutaka mwendo zaidi aweza kuunguza alichonacho. Kadhalika kuandika baiosi mpya juu ya ile ya zamani. Kazi hiyo huchukua dakika chache, lakini umeme ukikatika katikati, ule mwongozo uliopigwa chapa unabaki nusu, na mashine inaweza isiwake tena kabisa. Tarehe 26 Aprili 1999 virusi vya kompyuta vilivyoitwa CIH vilifanya uharibifu wa namna hiyo katika nchi nyingi, vikiandika upuuzi juu ya baiosi. Hicho kilikuwa kitendo cha uovu. Tusijifanyie wenyewe kwa hiari.

Na ukipotea kabisa, ukawa hujui umebadili nini? Ukurasa wa mwanzo una "Load Fail-Safe Defaults" na "Load Optimized Defaults". La kwanza hurudisha mipangilio ya tahadhari, yenye mwendo wa chini lakini ya kuaminika. La pili hurudisha ile ya kiwandani ya kazi ya kawaida. Chagua la pili, kisha usome karatasi yako urudishe vile vichache vinavyohusu mashine yako. Na kama ulikuwa unatazama tu, toka bila kuhifadhi, hakuna kitakachobadilika.

Wenye mashine mpya watauliza kama somo hili linawahusu. Kompyuta za tangu mwaka 2012 hivi kwa sehemu kubwa zina mpango mpya uitwao UEFI, wenye kurasa za rangi na mausi ikifanya kazi, na Windows 11 ya mwaka 2021 inadai mpango huo. Lakini tarehe, foleni ya kuwashia, umeme urudipo na neno la siri vimo humo pia, na katika mashine nyingi za mezani betri ya saa bado ni ile ile ya duara. Mashine yangu ya Windows 7, ambayo watengenezaji wake waliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020, siiunganishi na intaneti. Ni daftari tu.

Zoezi la safari hii ni hili. Mwenye kompyuta ya mezani aizime, azime na swichi ya ukutani, aiache hivyo usiku mzima. Asubuhi aiwashe, aingie katika baiosi kabla ya Windows, atazame tarehe na saa bila kubadili kitu. Ikiwa ni sahihi, betri ni nzima. Ikiwa imerudi nyuma, anakili kurasa zote kwanza, ndipo aende kwa fundi saa. Karatasi hiyo aikunje, aifunge kwa gundi ndani ya ubavu wa kasha, na juu yake aandike mwezi na mwaka wa kuweka betri. Yangu imeandikwa Agosti 2023. Katika jedwali la mikopo nimeondoa ile njia ya tarehe kujijaza yenyewe. Naiandika kwa mkono, na mkopaji anaisoma katika skrini kabla hajatia sahihi.